Tega Kwanza, Insha Baadaye

Katika ukumbi wa muziki wa ohangla au benga, uwe Rongo, Ndhiwa au Kendu Bay, hufika wakati mtu akasimama, akamtunza mwanamuziki pesa kidogo, na ala zikashushwa ili yeye aseme. Anachosema Wajaluo hukiita pakruok. Anajisifu, au anamsifu mkewe, mama yake, kijiji chake, marehemu babu yake, lakini hafanyi hivyo kwa maneno ya mkato. Akisema tu kwamba yeye ni tajiri au ni hodari, hakuna atakayemshangilia. Sharti ajifananishe na kitu, kitu chenyewe kisiwe kile alichotumia aliyemtangulia, na sentensi igeuke mwishoni ghafla hata wasikilizaji wapasuke kicheko au wapige kelele za kukubali. Mtu aweza kusema, kwa mfano, "Mimi ndiye mvua ya Kendu Bay: nikikawia mnanitafuta, nikija mnanikimbia." Kisha muziki unarudi, na kwenye meza ya pili mwingine tayari anatafuta lake. Mvuvi huyo, au mwalimu, au mwendeshaji bodaboda, amefanya kazi ya mshairi. Ametunga chini ya kanuni, kwa muda mfupi, mbele ya watu, na watu hao wamempa alama papo hapo.

Sasa mchukue mtoto wa mtu huyo siku anapoandika insha ya Kiswahili kuhusu safari ya ziwani. Atarauka alfajiri na mapema, atapiga mswaki, atastaftahi kwa chai na mkate. Ndege watakuwa wakiimba kwa sauti nyororo na jua litakuwa limechomoza kutoka mashariki. Usiku atalala fofofo kama pono, samaki wa baharini ambaye huenda mtoto wa Mbita hajawahi kumwona. Ziwa lenyewe, ambalo liko hatua chache kutoka kwao, halitaonekana kwenye ukurasa. Hakutakuwa na harufu ya omena zinazoanikwa, wala injini ya mashua inayokataa kuwaka, wala mama anayebishania bei ya ngege. Wengi husema mtoto kama huyo hana ubunifu. Nakataa. Mtoto huyu hajanyimwa ubunifu, amepewa sentensi zilizokwisha kuandikwa na watu wengine, akaambiwa azikariri kwa sababu zinaleta alama. Hoja yangu ni kwamba michezo ya maneno ndiyo dawa ya jambo hili. Isihesabiwe kuwa burudani ya kuwapumzisha wanafunzi baada ya somo. Ndiyo somo lenyewe la kuandika, na kaunti za Migori na Homa Bay zina akiba yake kubwa mno kuachwa nje ya lango la shule.

Tuanze na mchezo unaojulikana na kila msomaji. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Anayeshindwa anatoa mji, na mtegaji anausafiri mji huo kwa maneno, akisimulia aliyoyaona huko, kabla ya kutoa jibu kwamba ni yai. Ukitazama kwa makini utaona mtegaji amefanya mambo mawili magumu. Kwanza amelitazama yai kana kwamba hajawahi kuliona, akasahau jina lake na kazi yake jikoni, akabaki na umbo tu: kuta pande zote, hakuna pa kuingilia. Pili, amelificha bila kusema uongo. Mambo hayo mawili, kutazama upya na kusema kweli kwa njia ya kuficha, ni sehemu kubwa ya kile tunachokiita maandishi ya kubuni. Mtu anayeweza kutega kitendawili kipya ana uwezo wa kuandika aya ambayo haijawahi kuandikwa. Neno la muhimu hapo ni "kipya". Darasani mara nyingi vitendawili hukaririwa pamoja na majibu yake, kama orodha ya miji mikuu ya nchi za Afrika, na hapo mchezo unakuwa umekufa ingawa jina lake bado liko ubaoni.

Kutega kitendawili kipya hakuhitaji kipaji cha pekee, kunahitaji kanuni. Mwalimu wa gredi ya tano huko Sori au Muhuru Bay anaweza kumwambia kila mwanafunzi achague kitu kimoja alichokiona akija shuleni, kisha akataze mambo matatu: kutaja jina la kitu, kutaja rangi yake, na kusema kinatumika kwa kazi gani. Mtoto aliyezoea kuandika "omena ni samaki wadogo wanaoliwa" amefungiwa njia zote alizozizoea. Amebakiwa na macho yake tu. Baada ya dakika chache za kuhangaika atasema, labda, "Maelfu wamelala juani, hakuna aliyejifunika." Hapo ameziona omena kwa mara ya kwanza, zimetandazwa juu ya nyavu ufuoni. Mwenzake aliyechagua taa za wavuvi anaweza kusema, "Mji unaozaliwa jioni na kufa alfajiri." Mwalimu akimwomba dokezo la pili, mtoto anayejua mambo ya ziwa ataongeza, "Mwezi ukijaa, wakazi wake hawatoki," kwa maana omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka wavuvi wengi hupumzika. Tazama kilichotokea. Maarifa ambayo mtoto alikuwa nayo siku zote, ambayo insha yake ya kuamka alfajiri haikuyahitaji hata kidogo, sasa yamehitajika. Kule Awendo, penye kiwanda cha sukari cha SONY, mwingine atatega, "Anapita akidondosha peremende na hageuki kuziokota," na kila mwenzake atajua ni trekta la miwa. Wa Homa Bay mjini atatega, "Mgeni asiye na miguu, akifika ufuoni mashua zote hukaa nyumbani," na jibu ni gugumaji. Kila kimoja cha vitendawili hivi ni sentensi ya kwanza ya insha. Kilichobaki ni kumwambia mtoto aendelee.

Haya si mageni kwa wenyeji. Zamani katika boma la Wajaluo palikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi mzee ambamo watoto walilala. Wanahistoria David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, katika kitabu chao kuhusu Siaya kilichochapishwa mwaka 1989, wanamweleza bibi huyo, aliyeitwa pim, kuwa mlezi na mwalimu ambaye kupitia kwake watoto walipata sehemu kubwa ya maarifa yao ya jamii na ya ulimwengu. Humo ndimo hadithi, ziitwazo sigana, na vitendawili vilipokezwa. Mtoto hakuketi kusikiliza tu: alitega, alijibu, alisimulia kwa zamu, na wenzake walimkosoa. Hadithi ilipokwisha msimulizi alitamka "thu tinda", akajiombea arefuke kama mti ulioko kwa mjomba wake. Hata kumaliza kulikuwa na kanuni yake. Grace Ogot, aliyezaliwa Asembo mwaka 1930, alichota katika hazina hiyo. Hadithi yake ya binti wa mtemi anayetolewa kafara ziwani ili mvua inyeshe, iliyomo katika mkusanyo wake wa mwaka 1968, chanzo chake ni masimulizi ya jadi, na mwaka 1983 alichapisha riwaya ya Miaha kwa Kijaluo chenyewe. Asenath Bole Odaga naye alizikusanya sigana na kuzichapisha, kitabu chake kimoja akakiita kwa tamko lile lile la kumalizia. Waandishi hawa hawakuacha mchezo wa siwindhe ili wawe waandishi. Waliuendeleza kwa kalamu.

Mwaka 1938 mwanahistoria wa Uholanzi Johan Huizinga alichapisha Homo Ludens, kitabu kinachodai kwamba ushairi ulizaliwa katika mchezo, na kwamba kitendawili ni miongoni mwa mizizi yake. Mwaka huo huo Paul Mboya, chifu wa Karachuonyo katika Homa Bay ya leo, alichapisha Luo Kitgi gi Timbegi, kitabu cha mila na desturi za Wajaluo kilichoandikwa kwa Kijaluo. Hao wawili hawakujuana. Nawataja pamoja kwa sababu hatuhitaji kuazima Ulaya wazo la kwamba mchezo wa maneno ni jambo zito. Linalofaa kuazimwa ni baadhi ya mbinu, na mbinu bora kuliko zote naiona kwa Gianni Rodari.

Rodari alikuwa Mwitalia, mwandishi wa watoto aliyewahi pia kuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kitabu chake cha mwaka 1973 kuhusu sarufi ya ubunifu kimefundisha walimu wengi duniani. Alisema neno moja peke yake limelala. Ukiliweka kando ya neno lisilohusiana nalo, akili inalazimika kutafuta daraja, na daraja hilo ndilo hadithi. Mfano wake ulikuwa mbwa na kabati: mbwa mwenye kabati, kabati la mbwa, mbwa juu ya kabati, mbwa ndani ya kabati. Tuulete Ziwa Viktoria. Mwanafunzi mmoja aandike jina la mnyama bila kumwonyesha mwenzake, na wa pili aandike jina la kitu cha ofisini. Karatasi zikifunuliwa, tumepata kiboko na cheti. Kiboko mwenye cheti. Cheti cha kiboko. Cheti ndani ya kiboko. Chagua cha pili. Kwa nini kiboko atake cheti cha kuzaliwa? Labda kwa sababu wenye mashamba ya mahindi kando ya ziwa wanasema yeye ni mgeni aliyevamia, naye anataka kuthibitisha kwamba mama yake alimzaa hapa kabla ya shamba kulimwa. Ofisi ya chifu itamwomba nani awe shahidi? Mamba anakataa kuhusishwa. Kambare hana kitambulisho. Katika dakika kumi darasa limefika kwenye mgogoro wa kweli, ule wa wakulima na wanyamapori ufuoni, ambao mwalimu angeuandika ubaoni kama mada ya insha angepata kurasa arobaini zinazofanana. Wamefika huko wakicheka, na wamefika wakiwa na mhusika, shida, na mashahidi.

Mbinu ya pili ya Rodari ni swali la "je, kama". Homa Bay ina mahali panapolidai swali hilo. Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la magadi, Simbi Nyaima, ambalo wataalamu wa miamba husema lilijaa katika shimo la volkano. Masimulizi ya wenyeji yanasema palikuwa na kijiji. Bibi kizee alifika usiku watu wakiwa katika sherehe na ulevi, wakamfukuza, na mvua ikanyesha hadi kijiji kikazama. Kwa jinsi wengi wanavyoisimulia, kulikuwa na mwanamke mmoja aliyemhurumia, naye akaonywa aondoke mapema. Hadithi hii ikisomwa darasani huishia kwenye funzo kwamba tuwakaribishe wageni, na hapo kalamu zinawekwa chini. Ichezwe. Je, kama mlevi mmoja alisikia onyo hilo na hakuamini? Je, kama ingesimuliwa na mtungi wa pombe, uliokuwa mkavu jioni na ukajaa maji asubuhi? Je, mwanamke aliyeokoka aliwaambia nini watu wa kijiji alichokimbilia, na walimwamini? Swali la mwisho hilo lingeweza kumshughulisha mwandishi mzima wa riwaya. Hadithi ya jadi haivunjwi kwa maswali kama hayo. Inaendelea kufanya kazi iliyofanywa katika siwindhe, ambamo kila msimulizi aliongeza chake.

Huenda msomaji akashangaa kwamba kumwekea mtu vikwazo kunamfanya awe huru zaidi. Ushahidi upo. Mwaka 1960 mwandishi Raymond Queneau na mwenzake François Le Lionnais walianzisha Paris kundi liitwalo Oulipo, la waandishi na wanahisabati waliojiwekea kanuni ngumu za kutungia. Mwanachama wao Georges Perec alichapisha mwaka 1969 riwaya nzima isiyo na herufi e, ambayo ndiyo inayotumika zaidi katika Kifaransa. Mwaka huo huo wa 1960 kule Marekani, Dr. Seuss alichapisha kitabu cha watoto chenye maneno 50 tofauti tu, baada ya mchapishaji wake kuweka dau kwamba hawezi, na kikawa miongoni mwa vitabu vyake vilivyouzwa zaidi. Mwanasaikolojia Catrinel Haught-Tromp alikipa heshima kitabu hicho katika utafiti aliouchapisha mwaka 2017: wanafunzi wa chuo walitakiwa kutunga beti za mistari miwili za kadi za salamu, mara wakiwa huru kabisa, mara wakilazimishwa kutumia nomino fulani. Beti za kulazimishwa zilihukumiwa kuwa na ubunifu zaidi. Utafiti mmoja kwa wanafunzi wa Marekani hauthibitishi kitakachotokea katika darasa la Kehancha, na nisingependa mtu autumie hivyo. Lakini unakubaliana na kile ambacho pakruok inatuonyesha kila wikendi. Akili iliyoachwa huru hurudi kwenye njia iliyozoea. Iliyozibiwa njia hiyo hutafuta nyingine.

Kanuni zenyewe ni lazima zitoke ndani ya lugha. Ukimwambia mwandishi wa Kiswahili aepuke herufi e, hajapata taabu kubwa. Mwambie aepuke a. Vitenzi vyetu vingi vya Kibantu huishia kwa a, na nyakati za -na-, -ta- na -ka- zote zimeibeba, kwa hiyo karibu kila mlango umefungwa. Karibu, si wote. "Tuende mtoni, tukoge, tuimbe, turudi mjini." Hakuna a hata moja. Kanuni imemsukuma mwandishi kwenye dhamira tegemezi, yaani kwenye maombi, matamanio na amri, na aya yake yote imepata sauti ya mtu anayebembeleza. Hangeichagua sauti hiyo kwa hiari. Mchezo mwingine ni kinyume, ambao Waswahili wa pwani na visiwani wameucheza tangu zamani: silabi ya mwisho inatangulizwa, na asiyejua anaachwa nje ya mazungumzo. Samaki anakuwa kisama, kalamu inakuwa mukala. Mara chache sana neno linalopatikana nalo lina maana. Lima linakuwa mali. Ziwa linakuwa wazi. Mpe mtoto wa Rusinga jozi hiyo, ziwa na wazi, umwombe beti mbili, uone kama ataandika tena kuhusu ndege walioimba kwa sauti nyororo.

Kuna walimu na wazazi watakaopinga, na wana sababu zao. Wa kwanza atasema pakruok ni mambo ya vilabu vya pombe, na mara nyingine lugha yake haifai watoto. Ni kweli lugha hiyo huchafuka, kama inavyochafuka lugha ya mahali popote watu wazima wanapokunywa. Lakini kanuni ya mchezo haina uchafu, na mtaala wenyewe wa fasihi simulizi ya Kiswahili una utanzu unaoshabihiana nao sana, majigambo. Kinachotakiwa ni kubadilisha anayejigamba. Mwambie mwanafunzi awe penseli: "Kila nikinolewa nafupika, lakini maneno yangu yanarefuka." Awe daraja la mto Kuja, awe kuta za mawe za Thimlich Ohinga kule Migori, zilizoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2018 na ambazo zimesimama kwa karne nyingi bila saruji. Ukuta usio na saruji una mengi ya kujigamba mbele ya ukuta wa juzi wenye nyufa.

Wa pili atasema mchezo ni wepesi, na maandishi yanahitaji uzito. Hapa naona historia yetu yenyewe inampinga. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitumia mafumbo na majibizano ya beti kuuzungumzia uhasama mkubwa wa kisiasa wa wakati wake, wa Mombasa na Lamu na watawala wa Oman. D. O. Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania, karibu na mpaka wa Migori, na kufariki mwaka 2006, aliimba benga iliyojaa mafumbo ya wanyama, na serikali ilimkamata kwa sababu yake. Askari hawatumwi kumkamata mtu kwa ajili ya jambo jepesi. Fumbo lilimwezesha kusema jambo zito na kumwachia msikilizaji kazi ya kulifungua, na jambo ulilolifungua mwenyewe hulisahau kwa shida.

Wa tatu, na huyu ndiye ninayemsikiliza zaidi, ataniambia kwamba Kiswahili si lugha ya nyumbani kwa watoto wengi wa kaunti hizi. Nyumbani ni Kijaluo, ni Kikuria kwa wa Kehancha na Isebania, na kwa familia chache za Mfangano bado ni Kisuba, ambacho Kijaluo kimekimeza kwa miaka mingi na ambacho redio ya jamii ya Ekialo Kiona kisiwani humo hukitumia kutangaza kwa makusudi ya kukihifadhi. Mtoto wa hivyo atachezea lugha ambayo hajaimiliki? Nasema ndiyo, kwa sababu mchezo ndio unaomfanya asiogope kuikosea. Kijaluo hakina sauti za sh na z kama za Kiswahili, na mtoto anayechekwa kila anaposoma kwa sauti hujifunza kunyamaza. Mpe kitanza ndimi kilichojaa s na sh, ambacho mwalimu mwenyewe na mgeni wa kutoka Mombasa watajikwaa ndani yake, na kosa linakuwa la kila mtu. Zaidi ya hapo, mwenye lugha mbili ana mali ambayo mwenye moja hana. Mwache atege kwanza kwa lugha ya mama, kisha ahamishe kitendawili kwenye Kiswahili. Atagundua kwamba baadhi ya picha zinavuka salama na nyingine zinafia njiani, na itabidi atafute picha mpya. Kazi hiyo ya kutafuta ni utunzi kamili. Mtaala wenyewe unaruhusu lugha ya eneo itumike kufundishia hadi gredi ya tatu, kwa hiyo mlango uko wazi tangu chini.

Kuhusu pingamizi la wingi wa wanafunzi darasani nitasema kidogo tu. Mwaka 1925, wasanii wa Paris walioitwa masurrealisti walibuni mchezo wa karatasi iliyokunjwa: kila mtu anaandika sehemu yake, anaikunja isionekane, anampa wa pili. Mchezo huo unahitaji ukurasa mmoja wa daftari kwa watoto wanane. Darasa la wanafunzi 64 linahitaji kurasa nane. Insha 64 za kusahihishwa ndizo zinazomchosha mwalimu, si kurasa nane.

Kuna jambo moja ambalo wapinzani wa michezo wamelisema kwa haki, nami nawakubalia. Kutega vizuri hakutoshi. Kitendawili ni sentensi moja, na insha ni sentensi nyingi zinazosukumana. Michezo haifundishi kuunganisha aya, wala uvumilivu wa kuandika upya ukurasa uleule mara ya tatu, wala tahajia. Mtoto anayeachwa kwenye mchezo tu atakuwa na ncha kali bila mpini. Kwa hiyo mchezo lazima ufuatwe na kazi, tena mara moja, kabla joto halijapoa. Kitendawili cha taa za omena kikishategwa, mwalimu aulize: nani anaishi katika mji huo? Nani aliyebaki nchi kavu anaungoja? Kuna usiku gani ambao taa moja haikurudi? Mtoto aandike majibu yake kwa aya, ayasome kwa wenzake, wamwambie walipochoka kusikiliza, ayarudie. Hiyo ni kazi ngumu, na mtoto ataikubali kwa sababu kilichomo ni chake.

Linabaki suala la mtihani, ambalo ndilo linaloamua mengi. KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, pamoja na insha yake ya dakika 40 iliyokuza biashara yote ile ya misemo ya kukariri, ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtaala wa umilisi unataja ubunifu miongoni mwa umilisi wa kimsingi saba. Kundi la mwisho la mfumo wa zamani wa 8-4-4 litafanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, mwaka 2027. Kwa hiyo huu ndio wakati ambapo mitihani ya lugha inaandikwa upya, na watu wa Migori na Homa Bay, walimu wake, vyuo vikuu vyake vya Rongo na Tom Mboya, wana la kusema. Katika karatasi ya tatu ya Kiswahili ya KCSE mtahiniwa huulizwa maswali ya fasihi simulizi, na kwa miaka mingi mengi ya maswali hayo yamekuwa ya kueleza: taja sifa za vitendawili, eleza umuhimu wa majigambo. Mwanafunzi anaweza kupata alama zote bila kuwahi kutega hata kimoja. Swali libadilike. Mtahiniwa apewe kitu, kiwe ndoo, kiwe daraja, kiwe simu iliyoishiwa chaji, aambiwe atege vitendawili vitatu vipya juu yake na kukiendeleza kimoja kwa aya mbili. Wasahihishaji wataona haraka ni nani amekariri na ni nani ametazama. Walimu nao, ambao hufundisha kile kinachoulizwa na hawana lawama kwa hilo, watakuwa na sababu ya kuanza kipindi cha Jumatatu asubuhi kwa kusema "Kitendawili!" na kungoja darasa zima liitike.